SSD ya bei chee: tunayoambiana na yalivyo kweli

SSD (diski inayohifadhi data kwenye chipu) yangu ya kwanza ya bei chee niliifungua kwa bisibisi ndogo ya miwani, wala haikuwa na tatizo lolote, udadisi tu (waranti ndo ikafia hapo hapo). Ndani kweupe. Kibao cha saketi kimejibana upande mmoja, hakifiki hata nusu ya ganda, kina chipu nyeusi za kuhesabika na sehemu yote iliyobaki ni hewa. Jamaa yangu aliyekuwa ananiangalia akacheka, "umeuziwa ganda mzee". Nusura nikubali.

Kumbe ganda lile ni urithi. Umbo la inchi 2.5 ni la hadi diski (hard disk) za laptopu, SSD imevaa nguo za mwenzake ili ikae kwenye nafasi ile ile na skrubu zile zile, ila chipu za siku hizi zinabeba mzigo mkubwa kwenye eneo dogo sana, mpaka ile ya M.2 (umbo jembamba kama kijiti) yenye upana wa milimita 22 na urefu wa 80 inabeba TB 2 bila kutoka jasho. Kwa hiyo utupu haukwambii kitu, hata za bei mbaya ukizifungua nyingi utakuta hewa. Toka siku hiyo nimekuwa nasikiliza watu wanavyoshauriana kuhusu hivi vitu na mengi yako hivyo hivyo, kuna kipande cha ukweli ndani ila kimeshikwa kichwa chini.

Chukua hili: "bora hadi diski nzuri kuliko SSD ya bei chee". Hapana aisee. Hadi diski ina sahani inazunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika na mkono unaolifuata kila faili lilipo, kila safari inakula milisekunde kumi hivi. Sasa Windows ikiwa inawaka haisomi faili moja kubwa, inadokoa vifaili vidogo maelfu kwa maelfu, huku antivairasi nayo inadokoa, huku apdeti inadokoa, ule mkono unakimbia kama mhudumu mmoja aliyeachiwa meza hamsini. SSD haina mkono. Ikiitwa inajibu ndani ya sehemu ya kumi ya milisekunde hivi, hata hizo za bei ya chini. Ndo maana laptopu ya zamani yenye SATA (njia ya kuunganishia diski) ya gigabiti 3 kwa sekunde, ambayo kwenye karatasi ni nusu tu ya SATA ya sasa, ukiichomekea SSD unaona tofauti siku hiyo hiyo, kilichokuwa kinakuchelewesha ni zile safari, barabara haikuwa na shida.

Na ukishaelewa hapo, lile la "SATA imepitwa, chukua ya 7000" linaanza kulegea lenyewe. Namba ni za kweli: SATA inaishia kama MB 550 kwa sekunde, NVMe (SSD inayopita njia ya kasi zaidi iitwayo PCIe) ya PCIe 3.0 inafika 3500 hivi, ya PCIe 4.0 inagusa 7000. Lakini kazi za nyumbani, yaani kuwasha, kufungua brauza, kuandika, kuangalia muvi, zinategemea zaidi vifaili vidogo, na huko tofauti kati ya hizi tatu ni ndogo mno kuliko hizo namba zinavyopiga kelele. Gemu inaweza kufunguka haraka kidogo, ila ikishafunguka picha hazikimbii zaidi kwa sababu ya diski, hiyo ni kazi ya GPU (chipu ya picha) na prosesa. Kama mashine yako ina sloti ya NVMe na bei zinakaribiana, chukua NVMe, sina ugomvi. Ninachopinga ni mtu kuongeza hela afuate 7000 wakati hela hiyo hiyo ingemtoa GB 250 ikampeleka 500. GB 120 mi sinunui tena, ukishaweka Windows na programu za ofisi na apdeti za miezi sita unaanza kufuta picha, na SSD iliyojaa pomoni inapoteza spidi kwa sababu inakosa seli tupu, yaani vijumba vya data, za kuandikia. Iachie nafasi, asilimia 10 mpaka 20.

Hapo kuna mtego mdogo, wengi wanaamini M.2 ndo NVMe. M.2 ni umbo tu. Ndani ya umbo hilo kuna SATA na kuna NVMe, na sloti nyingine zinakubali moja tu. Yenye mapengo mawili kwenye meno mara nyingi ni SATA, yenye pengo moja mara nyingi ni NVMe, ila usinunue kwa kuhesabu mapengo, soma manyuali ya mazabodi au ya laptopu yako kwanza. PCIe 4.0 ukiiweka kwenye sloti ya 3.0 inafanya kazi vizuri tu, itatembea kwa mwendo wa sloti.

Sasa tuje kwenye lenyewe. "Boksi limeandika 550 kwa hiyo ni 550." Angalia vizuri utakuta kabla ya namba kuna neno "hadi" (sio hadi diski, hadi ya kawaida) na hilo neno ndo limebeba biashara yote. Mi nilikuwa nakopi folda la video la GB 90, lilianza na 430, nikasema kitu hiki hapa, nikaenda zangu kunawa mikono, narudi nakuta iko 65. Sijagusa kitu. Nikadhani imekufa, nikaanza kutafuta risiti.

Haikuwa imekufa, ilikuwa imejaa mlangoni. Seli ziko za aina: ya SLC inahifadhi biti 1, MLC 2, TLC 3, QLC 4. Kuhifadhi biti 4 kwenye seli moja maana yake ni kutofautisha viwango 16 vya chaji, kwa TLC ni 8, kwa SLC ni viwili tu, kwa hiyo kadiri unavyobananisha biti ndo kuandika kunavyotaka utaratibu na muda. Watengenezaji wanafanya ujanja, wanachukua sehemu ya seli hizo hizo wanaziandika biti 1 moja kama SLC, mzigo unapokelewa hapo mbio mbio halafu baadaye ukiwa umetulia SSD inahamisha taratibu kwenda kuubananisha. Boksi linataja spidi ya hapo mlangoni. Mzigo ukizidi ile nafasi ndo unaona sura yake halisi, na QLC za bei ya chini sura hiyo inaweza kuwa chini ya hadi diski, ndiyo, chini. Na kwenye modeli nyingi kadiri SSD inavyojaa ndo mlango nao unavyopungua.

Je, QLC ni takataka? Hapana, inategemea unaitumiaje. Mtu anayekopi GB 90 kwa mkupuo mara ngapi kwa mwaka? Kama ni ya kuweka gemu na muvi, unaandika mara moja unasoma mara mia, QLC inakufaa na kusoma haibanwi na huo mlango. Kama ndo draivu pekee, ina Windows, na unahamisha video kila wiki, tafuta TLC hata kama ni ghali kidogo. Shida ni kwamba maboksi mengi hayasemi ni ipi, na wengine wanabadilisha chipu au kontrola (chipu inayoiendesha SSD) katikati huku jina na stika vikibaki vile vile, kwa hiyo rivyuu ya miaka miwili nyuma inaweza kuwa inasifia kitu ambacho hakipo tena ndani ya ganda.

Kuhusu "SSD inaisha haraka, usiiandike andike", huyu ni mzimu wa zamani. Tafuta TBW, yaani jumla ya terabaiti ambazo kiwanda kinakubali uandike waranti ikiwa bado hai. Kingston A400 ya GB 240, ambayo ni ya bei ya chini hasa, imepewa TB 80. Ukiandika GB 20 kila siku, na mtu wa kawaida hafiki huko, ni siku 4000, karibu miaka 11. Samsung 870 EVO ya GB 250 ina TB 150. Namba hizo nazilinganisha kabla sijaangalia spidi, pamoja na waranti, maana kiwanda kinachotoa miaka 5 na kinachotoa miaka 3 wameshakwambia wenyewe wanakiaminije kitu chao. Na usiidifragi, yaani kuzipanga upya faili kama ilivyokuwa kwa hadi diski. Windows yenyewe ikiitambua kuwa ni SSD inatuma TRIM, inaiambia seli zipi hazina kazi tena, basi, iachie ifanye yake.

Isiyo na DRAM nayo inasemwa vibaya kuliko inavyostahili. DRAM ni pale SSD inapoweka ramani ya kujua nini kiko wapi. NVMe isiyo nayo inaweza kuazima kipande cha RAM ya kompyuta, Windows 10 na 11 zinakubali, na nyumbani hutahisi kitu. SATA haina huo uazimaji, kwa hiyo mwenye mashine ya zamani akipata ya SATA yenye DRAM kwa nyongeza ndogo, hapo ndo pa kuongeza.

"Nimenunua 240 inaonyesha 223, nimepigwa." Hujapigwa, kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024, ni kipimo tu. Aliyepigwa ni aliyenunua SSD ya nje ya TB 16 kwa bei ya fleshi, humo ndani mara nyingi mna kikadi cha memori kilichofundishwa kudanganya, unaandika inakubali, kumbe inafuta ya mwanzo. Programu ya H2testw inaijaza kweli kweli halafu inasoma tena, uongo unatoka mwenyewe.

Bakapu fanya. Hadi diski ikiumwa mara nyingi inagugumia kwanza, SSD inaweza kulala mzima ikaamka haionekani hata kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka), na faili likishafutwa TRIM ikapita, fundi hana pa kulitoa.

Ya mwisho ni "imefungwa nailoni, ni mpya". Nyumbani kitu cha kwanza nafungua CrystalDiskInfo, programu ya kukagua diski, naangalia saa ambazo imewashwa. Moja niliyouziwa kama mpya ilisoma saa 11,000 na ushee, yaani imekaa mahali imewashwa zaidi ya mwaka mfululizo usiku na mchana. Nikairudisha. Muuzaji akasema hiyo programu ndo mbovu. Nikamwambia sawa, fungua nyingine ya kartoni hilo hilo tuichomeke hapa hapa tuone. Akaangalia kartoni, akaniangalia, akafungua droo akanihesabia hela yangu.