Chikungunya siyo malaria, acheni kuitibu kama malaria

Huku kwetu pwani mtu akichemka mwili tu basi ni malaria, na chikungunya, ugonjwa wa homa na maumivu ya viungo unaoenezwa na mbu, ndo inapopatia mwanya. Unaenda kupima, unatobolewa kidole, majibu hamna kitu, unatoka hapo unapitia duka la dawa unanunua mseto hivyo hivyo eti kipimo hakijaona. Sasa mseto unaua vimelea vya malaria, chikungunya ni kirusi, haumfanyi kitu, na antibayotiki nazo ni pesa ya bure.

Wengine wanasema ni ugonjwa wa kuletwa na wageni. Wageni gani jamani? Uligundulika Tanganyika hii hii, kule uwanda wa Makonde, mlipuko wa 1952 na 1953.

Afu kuna wa "mi nalala kwenye neti". Vizuri, ila mbu wa chikungunya ni Aedes, yule mweusi mwenye mistari meupe miguuni, anauma mchana, hasa asubuhi na jioni jua likianza kushuka, wewe umekaa dukani unauza yeye yuko chini ya meza anakula vifundo vya miguu. Neti mpe mgonjwa alale nayo hata mchana wiki ile ya kwanza, maana kushikana mikono au kula sahani moja haiambukizi, ila mbu akishamng'ata anabeba kirusi na baada ya siku kadhaa anampelekea jirani.

Kubwa kuliko yote ni hii ya kusema chikungunya inaletwa na mvua na mitaro michafu. Lamu 2004 ulikuwa ukame! Maji shida, watu wanajaza mapipa na mitungi yanakaa ndani muda mrefu, mbu wakazaliana humo humo, na utafiti uliofanyika baadae ulionyesha karibu robo tatu ya watu wa kisiwa walikuwa wameshaambukizwa. Mwaka uliofuata ukaingia Komoro, ukafika kisiwa cha Réunion ukalaza theluthi nzima ya watu. Huyu mbu anapenda maji safi yaliyotulia, pipa, tairi, kisahani cha ua, na mayai anayagandisha kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya maji, yanaweza kukaa makavu miezi na yakiguswa na maji yanaanguliwa. Kwahiyo kumwaga tu haitoshi, sugua pipa kwa brashi kila wiki na ulifunike.

Maumivu ya viungo meza paracetamol na unywe maji mengi, diklofenaki na aspirini subiri kwanza mpaka daktari ahakikishe siyo dengue, maana dengue inaletwa na mbu huyo huyo na hizo dawa zinaweza kukuzidishia kutokwa damu. Kufa ni nadra, ila wazee na vichanga wawahishwe hospitali.

Na vidole vikikaza tena asubuhi miezi mitatu baadae hujang'atwa upya wala hujarogwa, ukiugua mara moja kinga inakaa muda mrefu sana, hayo ni maumivu ya ile ile ya kwanza na kuna watu yanawasumbua hata mwaka.