Kitabu cha Zamani Usikinyooshee Tahajia

Mwezi wa nane, upepo wa Dodoma unapoingiza vumbi jekundu hadi ndani ya makabati, ndipo watu huniletea vitabu. Wanasafisha nyumba ya mzee, wanavuta sanduku la bati lililokaa uvunguni miaka na miaka, wanakuta makaratasi. Anayejua kazi yangu ya kujalidi na kukusanya vitabu hunipigia simu. Asiyenijua humpa muuza karanga, na kurasa zikaishia kuwa vifungashio pale stendi.

Safari hii sanduku lilitoka Mvumi. Mama aliyelileta aliitikia shikamoo yangu, akaketi, akasema, "Mwanangu, hivi ni vya marehemu mume wangu. Alikuwa mwalimu. Tazama kama vina maana."

Juu palikuwa na matoleo ya Mambo Leo, lile gazeti la serikali ya kikoloni lililoanza 1923, kona zimeliwa na mchwa. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa, ina asidi, nayo hujila yenyewe taratibu hata ikikaa gizani. Ukiikunja tu, inavunjika kama jani kavu. Hayo niliyapiga picha siku ileile.

Chini yake palikuwa na kitabu cha sala kisicho na jalada wala mwaka. Nikakiuliza umri kwa tahajia yake. Kinaandika "killa" kwa herufi mbili za l, na "Muungu" kwa u mbili. Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki, iliyosanifu tahajia, ikaanza kazi 1930. Maneno haya basi yalipangwa na watu wa kabla ya hapo, hata kama nakala yenyewe ilichapwa tena baadaye. Mtu akiketi kukinakili, akabadili "killa" kuwa "kila" ili wasomaji wa leo wasisumbuke, ushahidi huo umekufa. Ndiyo maana nawaomba wote mnaosambaza maandishi ya kale: nakilini herufi kwa herufi, na makosa yake. Penye ugumu, elezeni chini ya ukurasa.

Chini kabisa, ndani ya kipande cha kaniki, palikuwa na Historia, Mila na Desturi za Wagogo ya Mathias Mnyampala, iliyotoka 1954. Moyo ulinipasuka kwa furaha. Wengi wanamkumbuka Mnyampala kwa ngonjera. Wachache wanajua kwamba mtoto huyu wa Ugogo, aliyezaliwa 1917, aliandika habari za watu wake kwa Kiswahili kabla ya uhuru.

Ila kilichonishika zaidi hakikuchapwa. Pembeni mwa ukurasa mmoja, kwa kalamu ya risasi, mwandiko mdogo uliolala kulia unasema: "Sivyo. Baba alisema sisi tulitoka upande wa Uhehe." Mwalimu yule alikuwa akibishana na kitabu! Ufutio ungeondoa maneno hayo kwa dakika moja, na wapo wanaofuta ili kitabu kiuzike kikiwa safi. Kwangu mimi, mstari ule ndio uliofanya nakala hii isiwe na pacha popote.

Nilikifunga kwenye nailoni, nikakiweka kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili ili mayai ya wadudu yafe. Pini zilizoota kutu nilizitoa, nikashona kwa uzi wa pamba. Palipochanika nilibandika karatasi nyembamba kwa gundi ya wanga. Selotepu sigusi tena: miaka ya mwanzo niliitumia kwenye kitabu changu mwenyewe, ikageuka kahawia, ikaondoka na maneno yaliyokuwa chini yake.

Mnyampala alifariki 1969, na Sheria ya Hakimiliki ya 1999 iliweka ulinzi wa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi; miaka hiyo imeshapita. Maneno ya pembeni ni jambo jingine, ni mali ya familia, kwa hiyo nilimwomba mama ruhusa. Nilimsomea kwanza. Akanyamaza, akachukua kitabu, akapitisha kidole juu ya mwandiko.

"Ni yeye," akasema. "Hata mezani alikuwa akibisha hivyohivyo."

Kitabu amerudi nacho Mvumi. Mimi nimebaki na picha za kurasa zote, hata zile tupu, na Jumatatu naanza kuchapa sura ya kwanza.