Matabaka 24, wagonjwa 96

Mapendekezo ya utafiti yanayonifikia hapa Mbeya karibu yote yana sentensi hii: wagonjwa watagawanywa kwa nasibu kwa kuzingatia matabaka. Yaani watatengwa kwanza kwa sifa zinazofanana, kisha ndani ya kila tabaka bahati iamue nani aingie kundi la dawa na nani kundi la kulinganishia. Sawa. Matabaka mangapi, na kwenye uchambuzi yatakwenda wapi? Hapo majibu huadimika.

Huku kwetu sababu ya kutenga matabaka ipo. Utafiti wa kitaifa wa 2016–17 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, nchi nzima ikiwa karibu 5. Ukijaribu dawa ya kifua kikuu, bahati ikarundika wenye VVU kundi moja, matokeo yatayumba na dawa haihusiki.

Kisha mtafiti ananogewa. Vituo 3, VVU, tundu kwenye mapafu, jinsia: 3×2×2×2, matabaka 24. Kwa wagonjwa 96 ni wastani wa watu 4 kwa tabaka, ila wagonjwa hawaji kwa wastani. Tabaka moja litajaa, jingine litapata mtu mmoja. Ukipanga kwa mafungu ya watu 4, wawili huku wawili kule, mengi yataishia njiani na uwiano ulioutafuta utapotea. Tena tabaka lenye watu wa kundi moja tu halichangii chochote kwenye mbinu ya Mantel na Haenszel ya 1959, inayolinganisha makundi ndani ya kila tabaka kisha kuunganisha majibu, maana hakuna wa kulinganishwa naye. Mtu katoa makohozi, katoa damu, halafu hesabu inamruka! Hilo huniudhi kuliko thamani yoyote ya p, namba ile ya kupima kama tofauti ingeweza kutokea kwa bahati tu.

Mimi hubakiza kituo na VVU. Vigezo vikizidi, ipo mbinu ya Taves (1974), iliyopanuliwa na Pocock na Simon (1975): kila anayeingia huelekezwa kundi litakalopunguza tofauti kwa jumla, pasipo kuzidisha vigezo. Iachiwe bahati kidogo, la sivyo muuguzi makini atabashiri anayefuata anakwenda wapi.

Wengine hutenga matabaka vizuri, kisha wakachambua kana kwamba hayakuwepo. Mgawanyo huo hupunguza kuyumba kwa tofauti kati ya makundi, lakini fomula ya kawaida haina habari. Kosa sanifu, yaani kipimo cha kuyumba huko, linatoka kubwa kupita kiasi, na dawa inayofaa inaweza kuonekana haifai. Kilichotumika kugawa kiingie kwenye modeli, yaani hesabu ya kulinganisha makundi, na mpango wa uchambuzi useme hivyo mapema.

Mwenye VVU akisajiliwa kimakosa kuwa hana, kundi alilopangiwa halibadilishwi. Kwenye modeli naingiza hali yake ya kweli.