Furu wako dume amepauka? Usimwekee dawa kwanza

Swali tunaloulizwa sana na wanaofuga furu, wale samaki wadogo wa maziwa yetu, kwenye tenki za vioo ni hili, nilinunua dume mwekundu anawaka kweli kweli, wiki mbili tu nyumbani kawa kijivu, anaumwa? Mara nyingi haumwi, kashushwa cheo tu na dume mbabe kuliko yeye.

Mchukue furu aitwaye Pundamilia nyererei wa Ziwa Victoria, huku kwetu Mwanza. Jina la kwanza ni pundamilia huyuhuyu unayemjua, sababu ya mistari myeusi ubavuni, na la pili alipewa mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Wazungu wanamfuga majumbani kwa mapenzi makubwa, sisi wenye ziwa furu tunamjua kama chambo cha sangara, basi. Dume mwenye eneo lake anakuwa mwekundu mgongoni na njano ubavuni, asiye na eneo anapauka mpaka unamdhania jike na hiyo inampunguzia kipigo. Ndugu yake wa Ziwa Tanganyika, Astatotilapia burtoni, watafiti walimtoa mbabe kwenye tenki, yule mnyonge akawasha rangi ndani ya dakika chache tu! Kwa hiyo kabla hujakimbilia dukani angalia nani anamfukuza nani humo ndani.

Akishakuwa na eneo anaanza mbwembwe, anamsogelea jike, anatandaza mapezi, anatetemeka mwili mzima halafu anamwongoza kwenye kishimo chake. Pezi lake la chini karibu na mkia lina madoa ya njano yanayofanana na mayai. Jike akitaga anageuka hapohapo anayadaka mayai yake mdomoni, akiona yale madoa anayadonoa nayo, na hapo ndo anapokutana na mbegu za dume, mayai yanarutubishwa yakiwa mdomoni. Baada ya hapo kama wiki 2 hadi 3 utamwona jike kidevu kimejaa na chakula hataki, watu wanapaniki wanamwaga dawa, jamani muacheni, analea.

Sasa suala la taa, hapa wengi wanaharibu. Kuna ndugu mwingine wa nyererei, Pundamilia pundamilia, dume wake ni wa bluu, ila majike wa aina zote mbili wanafanana sana, na jike anamjua mume wa aina yake kwa rangi. Maabara walipowasha taa ya rangi ya chungwa iliyofuta tofauti hiyo, majike wakawa wanakubali dume yeyote. Ziwani ni hivyohivyo, penye maji machafu yasiyopitisha mwanga rangi zinafifia na aina zinachanganyikana, hili lilitangazwa 1997 kutokana na kazi iliyofanyika hukuhuku Mwanza. Kwa hiyo zile taa za disko toa, weka nyeupe ya kawaida, aina mbili usizichanganye hata kama muuzaji anakwambia zinapendezana, mawe yawe mengi ya kujifichia na kila dume awe na majike watatu au zaidi, akiwa mmoja atamsumbua usiku na mchana mpaka amuue.