Kwa Nini Ngano ya Ulaya Hubaki Majani Tu Ikipandwa Njoro

Mkulima akisikia kwamba Uingereza huvuna zaidi ya tani 7 za ngano kwa hekta, hutuuliza: mbona hamtuletei mbegu hiyo? Ipande Njoro, Kenya, uone. Itaota, itatanda, itatoa machipukizi mengi ya kupendeza, kisha itabaki hivyo hivyo, malisho ya ng'ombe.

Mbegu hiyo huko kwao hupandwa Oktoba na kupitia wiki kadhaa za baridi kali. Isipoionja baridi hiyo, haianzi kuumba suke. Zipo nyingine zisizodai baridi ila husubiri mchana mrefu, na Njoro, jirani ya ikweta, mchana ni saa 12 na dakika chache, Januari hadi Desemba. Zitasubiri sana.

Dawa ilipatikana Meksiko, tena karibu kwa bahati. Kuanzia miaka ya 1940 mtafiti wa ngano Norman Borlaug alipanda kizazi kimoja Sonora, karibu na usawa wa bahari, na kinachofuata Toluca, zaidi ya mita 2,600 juu. Alitaka kuokoa muda kwa kuvuna mara mbili kwa mwaka. Kumbe kila msimu alikuwa akiichuja mimea inayotegemea urefu wa mchana, ikabaki isiyoujali. Aina nyingi zinazolimwa Kenya leo zina damu ya ukoo huo.

Mchana ukishatoka kwenye hesabu, joto ndilo hushika usukani, na joto kwetu ni mwinuko. Jani moja la ngano huhitaji, ili litokeze, nyuzijoto kama 100 ukijumlisha wastani wa kila siku: wastani wa siku ukiwa 20, siku 5, ukiwa 14, siku 7. Ndiyo maana mbegu ileile hukawia Mau Narok, juu mlimani, na kuwahi tambarare za Narok, chini. Kuwahi huko kusikufurahishe mno, kwani punje hukosa siku za kujaa, zikatoka nyembamba na nyepesi.

Kujua mmea umefika wapi, usihesabu siku. Ng'oa mche, upasue shina kwa wembe kuanzia mizizini, utazame kwa kioo cha kukuzia. Utaona kisuke cheupe, chini ya sentimita moja, kimejificha. Dawa ya magugu ya 2,4-D ikipigwa mapema, suke linapoanza tu kuumbika, huweza kulipotosha. Kwa hiyo ratiba ya shamba la mlimani usishuke nayo bondeni.