Kasumba ni nini, na redio huipandikizaje?

Asili ya neno kasumba ni afyuni, dawa ya kulevya. Leo tukisema mtu amejazwa kasumba, tunamaanisha amepandikizwa mawazo potofu mpaka akayaona ni yake mwenyewe. Maana hizo mbili ni ndugu: zote huingia kidogo kidogo, na raha hutangulia madhara.

Hapo ndipo kasumba inapoachana na uongo. Uongo hukanushwa kwa ushahidi. Kasumba hubadilisha jicho la kuwatazamia watu, na ikishakolea, hata habari ya kweli humwongezea mtu chuki ileile.

Redio ya RTLM, kituo cha binafsi nchini Rwanda, ilianza kusikika Kigali Julai 1993, na wengi waliipenda kwa uchangamfu wake. Ilipiga muziki mzuri, watangazaji walitaniana kama vijana wa kijiweni, wasikilizaji walipiga simu. Redio ya taifa ilikuwa rasmi mno. Hii ikawa rafiki wa nyumbani. Katikati ya utani huo Watutsi wakaitwa inyenzi, yaani mende. Neno hilo lilirudiwa baina ya nyimbo, siku baada ya siku, mpaka likazoeleka. Na mende hana jina wala mama, wala hakuna anayeulizwa kwa nini kamkanyaga.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza Aprili 1994, redio hiyohiyo ilitaja watu kwa majina na mahali walipo. Kuua kukaitwa "kazi". Neno hili linanitisha kuliko matusi yote, maana mkulima anayeamka alfajiri na panga lake hujua kazi ni heshima, na anayeikwepa ni mvivu.

Kesi ilisikilizwa hapa Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda. Desemba 2003 waliotiwa hatiani ni Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waanzilishi wa RTLM, pamoja na Hassan Ngeze wa Kangura, gazeti lililoeneza chuki ileile. Rufaa ya 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo, lakini haikumwachia hata mmoja wao. Nahimana alikuwa mwanahistoria, mwalimu wa chuo kikuu. Siku ya hukumu, jaji alimwambia kwamba bila bunduki wala panga, alisababisha vifo vya maelfu ya raia wasio na hatia.