Wastani wa umri hauhusu aliyekwisha kufika sitini

Swali hili nimelisikia tena wiki hii, katika mkutano wa mwaka wa wanachama wa mfuko mmoja wa pensheni pale Upper Hill, Nairobi. Tulipofika kipindi cha maswali, mhasibu mmoja akasimama: "Mkenya anaishi miaka sitini na kitu. Mimi nastaafu nikiwa na sitini. Hizi pesa zote mnazotukata ni za kumlisha nani?" Ukumbi ukampigia makofi. Huyu ni mtu anayefunga hesabu za kampuni kila mwisho wa mwezi, na ndiyo maana sikuweza kuliacha lipite.

Takwimu yenyewe ni ya kweli. Sensa ya 2019 ilitoa miaka 60.6 kwa wanaume na 66.5 kwa wanawake. Lakini hesabu hiyo inaanzia siku ya kuzaliwa. Ndani yake wamo watoto wachanga, akina mama waliofia uzazini, vijana waliofia barabarani. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 41 hawafikishi miaka mitano, na kila mmoja wao anaushusha wastani kwa miaka mingi. Chukua watu wawili, mmoja amefariki akiwa na mwaka 1 na mwingine akiwa na 85. Wastani wao ni 43. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeishi miaka 43, wala aliyehitaji kupangiwa pesa za miaka 43.

Swali linalokuhusu wewe unayekaribia kustaafu ni hili: mtu aliyekwisha kufika 60 amebakiwa na miaka mingapi? Kwa Kenya jibu ni zaidi ya 15, na huo nao ni wastani tu, kwa hiyo karibu nusu ya watu wanaupita. Aliyefanya kazi ya ofisini Nairobi kwa miaka 30, akatibiwa kwa bima ya mwajiri muda wote huo, ana nafasi kubwa zaidi ya kuupita. Mimi huwapangia wateja wangu hadi 90. Wengi huona nimezidisha, kisha nawauliza mama zao wana miaka mingapi.

Miaka 30 bila mshahara inaleta tatizo ambalo miaka mitano hailileti, nalo ni mfumuko wa bei. Benki Kuu hulenga asilimia 5, na inaruhusu ipande au ishuke kwa 2.5. Tuseme 6. Kwa kasi hiyo bei huwa maradufu kila baada ya miaka 12. Anayetumia shilingi 80,000 kwa mwezi akiwa na 60 atahitaji 160,000 akiwa na 72, na 320,000 akiwa na 84, kwa unga uleule, dawa zilezile na nauli ileile ya Rongai. Na hapo nimechukulia miaka yote itakuwa ya kawaida. Mwishoni mwa 2011 mfumuko ulikaribia asilimia 20.

Sasa tumrudishie mhasibu wetu hesabu yake. Tuseme anastaafu na milioni 4.5 kwenye mfuko wa pensheni. Theluthi moja, yaani milioni 1.5, anaichukua kwa mkupuo. Milioni 3 zinazobaki anaweza kununulia anuiti, yaani malipo ya kudumu anayolipwa na kampuni ya bima maisha yake yote, au kuziweka kwenye mfuko wa kutoa kidogo kidogo, ambako kanuni zinamruhusu kutoa hadi asilimia 15 ya salio kila mwaka, kwa muda usiopungua miaka 10. Kwa kuwa anaamini hana miaka mingi, anachukua hiyo 15 yote: 450,000 mwaka wa kwanza, yaani 37,500 kwa mwezi. Hata salio likizaa asilimia 10 kila mwaka, baada ya miaka 10 limebaki kama nusu. Malipo yake yameshuka hadi kama 19,000, na kwa mfumuko wa asilimia 6, pesa hizo zinanunua kile ambacho 10,700 inanunua leo. Ana miaka 70 na anapanda matatu ya Super Metro mwenyewe kwenda mjini. Huyu ndiye mtu aliyedhani hatafika huko.

Hapa vitabu huandika kwa uhakika ambao mimi sina. Anuiti hukulipa mpaka unakufa, hata ufike 100, lakini ile ya kawaida hulipa shilingi zilezile mwaka wa kwanza na wa ishirini. Ipo inayoongezeka kila mwaka, ila huanza chini sana, na mteja akiona namba ya kwanza anaisukuma kando. Halafu kuna aliyefika 60 tayari anaugua. Je, nimwambie afungie pesa zake kwenye anuiti? Nimewashauri baadhi hivi na wengine vile, kila mmoja kwa hali yake, na bado sina amani na jibu lolote kati ya hayo mawili.

Mengine nitayapitia haraka. Makato ya zamani ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, yalikuwa shilingi 200 zako na 200 za mwajiri, kwa hiyo miaka 20 ya makato hayo ni 96,000 kabla ya faida. Tangu Februari 2023 ni asilimia 6 ya mshahara kwa kila upande, na kufikia Februari 2025 kiwango cha juu kilikuwa 4,320 kwa kila upande. Ni hatua nzuri, ila aliye na miaka 55 leo hataivuna sana. Mchango wa pensheni hadi 30,000 kwa mwezi hautozwi kodi tangu Desemba 2024. Kama unaweza kuongeza juu ya kile mwajiri anachokukata, ongeza. Ukibadilisha kazi, usiiguse akiba yako hata kama sheria inakuruhusu kutoa sehemu yake. Ploti ya Joska si mbaya kama hati iko safi, lakini ploti hailipi dawa ya presha tarehe tano. Bima ya matibabu ya mwajiri kwa kawaida hukoma na ajira, wakati ule ule unapoanza kuihitaji zaidi.

Na ile miaka 90 ninayowapangia wateja si ya mwanamume peke yake. Sensa hiyohiyo inaonyesha wanawake wanaishi zaidi, na mara nyingi mke ni mdogo kwa miaka kadhaa. Mume akifariki na 75, mke wa miaka 69 huenda ana miaka 15 au 20 mbele yake. Anuiti ya mtu mmoja huzikwa na mwenyewe, isipokuwa kama alichagua kipindi cha uhakika, yaani miaka ambayo malipo huendelea hata akifa, na hakijaisha. Ipo ya watu wawili, inayoendelea kumlipa anayebaki, kwa mfano nusu ya kiasi cha awali, maisha yake yote. Huanza chini kidogo kuliko ya mtu mmoja, na wanaume wengi wanaokaa mbele yangu huikataa kwa tofauti hiyo ndogo, mke akiwa hayupo kusema neno. Siku hizi siipitishi fomu ya kuchagua anuiti kabla sijaketi na wote wawili na kuwaonyesha namba zote mbili. Sharti hilo ni langu mwenyewe, na wapo walioondoka kwa hasira wakatafuta mshauri mwingine.